Jiwe la Ziwani: Utambuzi wa Cherti ya Oldupai na Tatizo la Kuitaja kwa Kiswahili

Mfasiri aliyeletewa orodha ile ya vibandiko hakuona ugumu wowote hadi alipofika trei ya kumi na moja. Vibandiko vilikuwa vya Kiingereza, vimepigwa chapa miaka mingi iliyopita, na vilihusu zana za mawe kutoka Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania. Kazi yenyewe ilikuwa kuvitia katika Kiswahili ili wanafunzi na wageni wa kawaida waweze kuvisoma. Basalti ilibaki basalti, kwatzi ikabaki kwatzi, na majivu ya volkano yaliyoganda yakapewa maelezo ya maneno manne. Trei ya kumi na moja ilikuwa na vibanzi vidogo, vingine vyeupe, vingine vya kijivu, na kibandiko chenye jina moja tu la jiwe. Mfasiri alifungua kamusi mbili, akaona zote zinamwelekeza upande mmoja, akaandika "jiwe la gumegume", kisha akaendelea na trei ya kumi na mbili.

Kosa la namna hii halionekani kuwa kosa. Neno gumegume ni la Kiswahili, lina umri wake, na kila aliyesoma habari za karne ya 19 amekutana na bunduki ya gumegume, ile ambayo mtambo wake hugonga kijiwe kigumu kwenye chuma ili cheche iwashe baruti. Hata hivyo neno huja na ulimwengu wake. Gumegume katika Kiswahili ni jiwe lililokwisha kuwa kifaa: thamani yake iko katika cheche, na makao yake ni bunduki. Linapowekwa juu ya kibanzi cha Oldupai humpa msomaji picha ya moto mahali ambapo kilichotafutwa ni makali. Zaidi ya hayo, humpa dhana kwamba jiwe hili ni lile lile la Ulaya, lililozaliwa ndani ya chokaa laini ya bahari ya kale. Sivyo.

Lugha za Ulaya zenyewe hazikuafikiana katika jambo hili. Kifaransa huweza kuyaita mawe yote ya jamii hii kwa jina moja, silex, nacho Kiitaliano kina selce. Kijerumani husema jiwe la moto mahali pengine na jiwe la pembe mahali pengine. Kiingereza hutenga maneno mawili, moja aghalabu kwa jiwe jeusi la ndani ya chokaa na jingine kwa jamii nzima, lakini waandishi wake huyachanganya watakavyo. Anayetafsiri kutoka mojawapo ya lugha hizi hupokea pia mgawanyo wake wa mawe, na mara nyingi hupokea bila kujua kuwa amepokea.

Madhara ya kupokea mgawanyo wa wengine yalikwisha kuonekana pale pale Oldupai. Mwaka 1913 mjiolojia Hans Reck aliongoza msafara kutoka Ujerumani kwenda katika bonde hilo, ambalo daktari Wilhelm Kattwinkel alikuwa amelifikia mwaka 1911. Reck alifanya kazi kubwa. Aliyagawa matabaka na kuyapa namba ambazo wataalamu wanazitumia mpaka leo, akakusanya mifupa mingi ya wanyama waliotoweka. Zana ya mawe hakuona hata moja. Mwaka 1931 alirudi pamoja na Louis Leakey, ambaye aliweka naye dau la pauni 10 kwamba zana ingepatikana kabla ya saa 24 kupita. Leakey alishinda. Maelezo yake kuhusu upofu wa mwenzake ni mafupi: Reck alikuwa amezoea zana za Ulaya zilizochongwa kwa jiwe la chokaa, akawa anatafuta jiwe hilo, na kwa kuwa halikuwepo, akayapita mashoka ya lava yaliyokuwa yametapakaa miguuni pake. Mtu huyu hakukosa macho wala elimu. Alikuwa na jina moja tu la jiwe la kuchongea.

Mfasiri wa trei ya kumi na moja alikuwa amelitenda kosa la Reck kinyumenyume. Yeye aliliona jiwe, akalipa jina ambalo Reck angelifurahia.

Aliyemtanabahisha alikuwa mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumalizia katika kambi za uchimbuaji, na ambaye siku hiyo alikuja stoo kwa shughuli nyingine. Baada ya shikamoo na marahaba alizisoma karatasi zilizokuwa mezani, akatabasamu.

"Mwalimu, hapa umeandika gumegume. Nani alikuwa na bunduki?"

Mfasiri alicheka, akajitetea kwa kamusi. Mzee hakubishana na kamusi. Aliomba maji kidogo katika kikombe, akachukua kibanzi kimoja kutoka trei ya kumi na moja na kingine kutoka trei ya tisa, vyote vyeupe, akavilowesha na kuvipeleka dirishani.

"Tazama hiki. Kinametameta punjepunje, kama sukari. Hiki ni cha mlimani. Sasa tazama hiki. Hakina punje. Ni kama ute wa yai lililochemshwa. Hiki ni cha ziwani."

Katika sentensi hizo chache mzee alikuwa ameeleza jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa kadhaa. Jiwe la mlimani ni kwatzaiti ya Naibor Soit, kilima kilicho kilomita chache tu kutoka maeneo mashuhuri ya uchimbuaji. Jina lenyewe ni la Kimaasai, nalo lina weupe na jiwe ndani yake, hivyo kwamba mfasiri ambaye angejaribu kukwepa tatizo kwa kuandika "jiwe jeupe" katika trei ya kumi na moja angekuwa amelitaja kwa Kiswahili jiwe la trei ya tisa. Kwatzaiti hiyo ni mwamba wa kale sana uliopikwa na joto na mgandamizo; punje zake ni kubwa, na inapovunjika uso wake hung'aa vipande vipande. Cherti kwa upande wake imeundwa kwa fuwele za kwatzi ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho. Uso wake uliovunjika ni laini, una mng'ao wa nta, na mvunjiko wake una mawimbi yaliyopinda kama mgongo wa kombe.

Rangi haitoshi kulitambua, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Cherti iliyolala juani kwa muda mrefu huota utando mweupe ambao huficha rangi ya ndani. Vidonge vya chokaa, vilivyo vingi katika udongo wa bonde lile, navyo ni vyeupe, na kutoka mbali hufanana na vitonge vya cherti. Hivyo uchunguzi wa awali huenda kwa hatua za kawaida. Tone la asidi hafifu huifanya chokaa ichemke povu, lakini cherti hukaa kimya. Ncha ya kisu cha chuma huikwaruza chokaa bila shida. Juu ya cherti huacha mstari wa chuma chenyewe. Kinachofuata ni gamba la nje, ikiwa mchongaji hakulimaliza lote. Gamba la cherti ya Oldupai ndilo linalosema zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jiwe. Vitonge vyake havina umbo maalumu, vimejipinda na kuvimba hapa na pale kama unga uliokandwa, na juu yake mara nyingi pana mtandao wa mistari iliyoinuka, mfano wa wavu. Jiwe la chokaa ya Ulaya halina wavu huo.

Asili ya wavu ni magadi.

Msomaji wa Kiswahili halihitaji neno hili lifafanuliwe. Magadi hutiwa katika maharage yaive upesi, na watumiaji wa ugoro wanayajua kwa namna yao. Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, limepata jina kwa sababu hiyo hiyo. Wamaasai nao husema makat, na ziwa lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro huitwa kwa majina yote mawili. Mwaka 1967 mwanakemia wa miamba Hans Eugster alichapisha maelezo ya madini mawili aliyoyakuta katika matabaka ya Ziwa Magadi, yote yakiwa na natiri, silika na maji. Moja aliliita magadiaiti, jingine kenyaiti. Alionyesha kuwa madini haya ndiyo wazazi wa cherti. Maji ya ziwa lenye magadi mengi yana uwezo wa kuyeyusha silika kutoka katika miamba ya volkano kwa kiasi ambacho maji baridi hayawezi kukifikia. Uchungu huo wa maji unapopungua, kwa mfano baada ya maji ya mvua kuingia, silika haiwezi tena kubaki katika myeyuko. Hutulia chini kama tope jeupe laini. Baadaye natiri huondolewa hatua kwa hatua, tope hugeuka kuwa jiwe, na katika kugeuka hunywea. Kunywea ndiko kunakoacha wavu.

Mwaka uliofuata, 1968, Richard Hay alivihusisha vitonge vya Oldupai na mfululizo huo huo. Magadiaiti yenyewe haikubaki Oldupai; iliyobaki ni sura yake katika jiwe, kama kiambishi kilichokwisha kufa ambacho bado kinajulikana kwa namna kilivyoathiri mzizi. Tangu hapo wanajiolojia katika nchi nyingine nao, wanapokuta cherti iliyozaliwa katika ziwa la namna hii, huiita cherti ya aina ya Magadi. Neno la jikoni la Kiswahili limekwenda katika vitabu vya dunia nzima, na linatumika kulitaja jiwe ambalo Kiswahili chenyewe hakikuwa na jina lake. Jambo hili lingetosha kumfanya mwanaistilahi atabasamu, kama halikumtia aibu kwanza.

Hata hivyo kujua kuwa jiwe ni cherti ya ziwani hakujibu swali lote. Ziwa la kale la Oldupai lilikuwa na katikati na lilikuwa na kingo, na vitonge viliundwa sehemu mbalimbali. Je, kibanzi kilichookotwa mahali fulani kilitoka wapi? Hapa ndipo oksijeni ilipoingizwa. Maji ya ziwa yanapokauka kwa jua, chembe zenye oksijeni nyepesi hutangulia kuondoka, zikiacha nyuma sehemu kubwa zaidi ya ile nzito. Jiwe linalozaliwa ndani ya maji hayo hubeba uwiano wake. O'Neil na Hay walichapisha vipimo vya cherti za maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na mwaka 1974 wote wawili, pamoja na Daniel Stiles, wakatoa makala kuhusu mahali panapojulikana kama MNK, ambapo vitonge vilikuwa karibu na vilichongwa papo hapo kwa wingi hata wakapaita kiwanda. Uwiano wa oksijeni ukawa mojawapo ya njia za kuhusisha zana na chimbuko lake.

Ikumbukwe kwamba cherti ni shahidi mgumu. Obsidiani, ile kioo ya volkano, ni rahisi zaidi, kwani kila mlipuko una mchanganyiko wake wa elementi adimu, na kwa njia hiyo imejulikana kuwa vipande vilivyokutwa kaskazini mwa Tanzania vilisafirishwa kutoka Bonde la Ufa la Kenya, umbali unaozidi kilomita 200. Cherti karibu yote ni silika. Kinachobaki cha kupimwa ni kidogo, na kitonge kimoja huweza kutofautiana ndani yake chenyewe. Atakayetegemea kipimo kimoja bila kutazama gamba, punje na tabaka lililotoa kipande atajidanganya kwa ufasaha mkubwa.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Jibu liko katika historia ya trei zenyewe. Katika tabaka la I, ambamo Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, zana nyingi ni za kwatzaiti na lava. Katika sehemu ya chini ya tabaka la II, takriban miaka milioni 1.7 iliyopita, ziwa lilipungua, vitonge vilivyokuwa vimefunikwa vikawa wazi, na ghafla cherti inakuwa nyingi, MNK na hata HWK Mashariki. Ziwa liliporudi, cherti ikaadimika tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 Mary Leakey aliona kuwa zana za kipindi hicho zina sura tofauti: ndogo ndogo zimeongezeka, vikwaruzo vimeongezeka. Alizipa jina la pekee, Oldowani Endelevu A, kama hatua mpya baada ya Oldowani ya mwanzo. Wataalamu waliofuata wakauliza swali ambalo baada ya kuulizwa linaonekana rahisi: je, waliobadilika ni watu, au ni jiwe? Vitonge vya cherti ni vidogo na huvunjika kwa makali safi. Mchongaji yule yule, kwa mkono ule ule, akipewa kitonge badala ya bonge la lava, atatoa zana ndogo.

Mwanaisimu anaijua hatari hii kwa karibu. Atakayeweka utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu kando ya ule ule ulioandikwa kwa hati za Kirumi, bila kujua kusoma, ataapa kuwa ni lugha mbili. Ili asiape hivyo ni lazima kwanza ajue hati ni nini. Vivyo hivyo, yule atakayeandika "jiwe jeupe" katika trei zote mbili, au "gumegume" katika moja na "kwatzi" katika nyingine bila kueleza la mlimani na la ziwani, anaifuta hoja nzima. Mtazamaji ataona zana kubwa hapa na zana ndogo pale, na atahitimisha kuwa waliofuata walikuwa werevu zaidi. Kwamba ziwa lilikauka kidogo, na kwamba viumbe wa umri huo waligundua jiwe zuri lililofichuliwa, wakalifuata na kulibeba, hayo hayatamfikia kabisa.

Ilibaki kazi ya jina. Mzee, alipoulizwa yeye binafsi aliitaje kazini, alijibu bila kusita kuwa aliita jiwe la magadi. Ni jina zuri, tena lina jiolojia sahihi ndani yake, na yamkini lingependeza kuliko yote. Kasoro yake ni kwamba tayari lina mwenyewe: anayetumwa sokoni kununua jiwe la magadi hatarudi na cherti. Kulitohoa neno la Kiingereza ndiyo njia ya pili, nayo ina mtego. Utohoaji wa mazoea ungeiangusha r, na silabi ya mwisho ikapata irabu, tukawa na cheti. Makumbusho ingekuwa na trei iliyojaa vyeti vya miaka milioni 1.7. Mfasiri aliamua kuihifadhi r, akaandika cherti, kwa kuwa mfuatano wa konsonanti hizo si mgeni katika Kiswahili. Sharti linao, na hakuna asiyeweza kulitamka. Pale penye nafasi angeandika kwa ukamilifu cherti ya aina ya Magadi, na neno la mzee likawa limeingia kwa mlango wa pembeni. Gumegume likaachiwa bunduki, pamoja na jiwe la chokaa endapo siku moja litahitaji kutajwa.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kukopa mahali ambapo Kiswahili kingeweza kujitegemea. Hoja hiyo ina uzito, lakini hupotoka pale inapodhani kuwa neno la asili hupatikana kwa kunyoosha la zamani mpaka lifike. Gumegume lilinyooshwa, likakatika.

Vipande viwili vya trei ya kumi na moja havikupata jina siku hiyo. Kimoja kilikuwa na utando mweupe pande zote, gamba halipo, na mzee alikilowesha mara tatu bila kuridhika. Kingine kilikuwa na punje na ulaini kwa pamoja. Viliwekwa katika bahasha, na juu ya bahasha ikawekwa alama ya kuuliza.

Kisha wakafika kwenye herufi MNK. Mfasiri alikuwa ameziacha kama zilivyo, akidhani ni namba ya stoo. Mzee alimweleza kuwa ni kifupi cha Mary Nicol, jina la Mary Leakey kabla ya ndoa, na K ya mwisho ni korongo, kama ilivyo K ya FLK na ya HWK. Kwa miaka yote hiyo, katika makala za Kiingereza na za lugha nyingine, neno la Kiswahili lilikuwa limekaa mwishoni mwa jina la karibu kila uchimbuaji wa Oldupai, limefupishwa hata halitambuliki. Mfasiri alichukua kalamu, akakata MNK, akaandika: Korongo la Mary Nicol. Mzee aliitazama karatasi kwa muda.

"Ongeza kwamba ni la maji," alisema. "Watoto watatafuta ndege."

Kibandiko kikaandikwa upya, herufi ndogo zaidi ili maneno yaenee: vibanzi vya cherti ya aina ya Magadi, Korongo la maji la Mary Nicol, Oldupai.